Waya Ndani ya Jeti

Chukua waya wa stima, toa ganda, chomoa uzi mmoja wa shaba. Fungua bakuli la kabureta, pitisha uzi huo kwenye tundu la jeti kubwa, kunja ncha zake usidondoke. Basi. Pikipiki iliyokuwa inakunywa petroli sasa inailamba tu. Mafundi wa Lodwar na Kakuma wanaujua mchezo huu, na mimi huombwa niufanye karibu kila wiki.

Shida ni kwamba anayeomba ni dereva, na pikipiki ni ya mtu mwingine. Boda nyingi zinazofika bandani kwangu ziko hivyo: mwenyewe yuko ofisini mjini, au yuko Kitale, anangoja hesabu yake kwa M-Pesa jioni. Petroli inalipwa na dereva. Injini italipwa na mwenye mali. Waya ule unaokoa pesa ya mmoja kwa kula mali ya mwingine, na mkono unaofanya hivyo ni wangu.

Nieleze kidogo. Ukiipunguzia injini petroli bila kupunguza hewa, inawaka kwa joto kali zaidi. Injini hizi hupozwa na upepo tu, na upepo wetu ni wa Lodwar, mahali ambapo nyuzi 35 ni mchana wa kawaida. Ongeza kwamba tumezichomelea keria ndefu za chuma, tukarefusha viti, tukazibebesha makaa, mitungi ya maji na watu watatu. Yaani tumeifanya ivute zaidi, halafu tukainyima chakula. Ukifungua plagi unaikuta nyeupe kama jivu. Baadaye vali inaungua, au pistoni inakwama barabarani.

Dereva mmoja aliniambia, "Fundi, petroli nanunua kila siku. Injini itakufa siku moja, na hiyo siku si yangu."

Nimelitafakari neno hilo sana, na sidhani ni la mwizi. Lodwar mpaka Kakuma ni kama kilomita 120. Mgao wa chakula ulipokatwa kambini mwaka 2025, wateja wake wa Kakuma walianza kutembea kwa miguu. Hesabu ya bosi haikupungua hata shilingi. Mmoja akibebeshwa hasara yote ya leo na mwingine hasara yote ya mwaka ujao, kila mtu ataisukuma ya kwake upande wa pili. Mlango mwingine haupo.

Kuna wenzangu husema fundi ni kama bisibisi, kazi yake kuzungushwa. Sikubali. Bisibisi haijui maana ya plagi nyeupe. Mimi najua, na nikijua nikanyamaza, tayari nimechagua upande.

Kwa hivyo kwanza nakagua, maana "inakunywa" mara nyingi si kosa la jeti. Chujio la hewa likijaa vumbi la Turkana, injini inakosa pumzi na petroli inazidi. Sindano ya boya ikiisha, petroli inamwagika polepole kwenye mpira wa chini na hakuna anayeiona. Pikipiki ikizima baada ya mwendo kidogo, fungua kifuniko cha tanki: ikivuta hewa fyuu na kuwaka tena, ni kile kitundu cha kifuniko kimeziba, hakuna uchawi. Halafu petroli yenyewe, ile ya chupa kando ya barabara, iliyochanganywa na mafuta taa. Plagi inakuwa nyeusi, asubuhi unapiga kiki mpaka jasho. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuzuia mchezo huo. (Na kule Lokichar, kusini mwetu, kuna mafuta yaliyogunduliwa 2012. Sisi bado tunapimiwa kwa chupa.)

Mara nyingi nafuu inapatikana hapo bila kumwibia mtu. Dereva akisisitiza waya, namwambia tumpigie mwenye pikipiki, simu iwe kwa spika, aongee yeye mwenyewe. Wengi hukataa na kwenda kwa fundi mwingine. Siwaripoti. Kumpigia bosi kwa siri kungemwondolea mtu unga wa watoto kwa neno langu moja, na simuoni bosi akiwa mnyonge zaidi ya dereva wake. Lakini waya siweki.

Waliokubali kupiga simu mwaka huu ni wawili. Wote nilisikia wakieleza vizuri, nami nikaongeza langu: "Bosi, kabureta ni nzima. Mbovu ni mapatano yenu. Changia mafuta." Bosi wa kwanza alinung'unika, kisha akakubali kulipa nusu ya petroli ya safari za Kakuma. Wa pili alisikiliza hadi mwisho, akanishukuru kwa ukweli wangu, na kesho yake pikipiki akampa dereva mwingine. Yule kijana bado hupita hapa bandani, kwa miguu. Hunisalimia. Nami huitikia.