Wazee Nyumbani Mwetu

Kuna dhambi zitendwazo nyuma ya mlango uliofungwa, na jirani azisikiapo hujifanya hakusikia. Mojawapo ni kumtesa mzee.

Twajivuna, tena kwa haki, kwamba kwetu mzee huamkiwa kwa shikamoo. Lakini mtu aweza kuamkiwa asubuhi na kulala njaa usiku. Basi tusiridhike na marahaba yake, tumtazame. Je, amekonda kuliko wote wa nyumba ile? Akiulizwa neno, hutazama kwanza uso wa mwanawe ndipo ajibu? Na karatasi ya shamba aliyoitia dole gumba, ni nani aliyemsomea? Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika kila watu 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, mmoja hutendewa vibaya kwa mwaka.

Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kwa miaka mingi, vikongwe waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho yao mekundu yakatajwa kuwa ushahidi. Macho yale mara nyingi yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi, waliopikia tangu usichana wao, yaani kwa kuwalisha watu wa nyumba zao. Na si mara chache nyuma ya neno uchawi palikuwa na shamba la mjane.

Wengine husema: mambo ya nyumba ya mtu hayaingiliwi. Twaiheshimu kauli hiyo, maana nyumba isiyo na staha si nyumba. Lakini siri ya nyumba yapasa kumlinda mnyonge aliyemo. Ikimficha anayempiga, jirani hana deni la kuitunza.

Hatuwasahau wanaouguza. Binti aliyeachiwa peke yake mama aliyepoteza kumbukumbu, usiku na mchana, huku kaka zake wa mjini wakituma salamu tu, huishiwa subira. Akikosa, akemewe, lakini kaka hao waulizwe kwanza. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana wetu aliwakemea wale waliomtolea Mungu kwa maneno kile kilichowapasa wazazi wao. Nasi tunaohesabiana zaka na michango twafanya vema kuisoma tena.

Wanajumuiya waendapo kumtembelea mzee, mmoja wao abaki naye faraghani kidogo, wengine wakizungumza na wenye nyumba uani. Mzee akisema kwamba anapigwa au ananyimwa chakula, neno lake lisipelekwe kwa mwanawe siku ile ile, maana huenda akalilipia usiku. Habari apewe afisa ustawi wa jamii, au mwenyekiti wa kijiji, au polisi. Na kesho yake watu warudi kumwamkia.