HAKI YA MNYAMA TULIYEMFUNGA KWA FAIDA YETU

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake:

Huko Uingereza kiko chama kinacholea mbwa wa kuongoza vipofu, kazi iliyoanza mwaka 1931 katika mji wa Wallasey. Mbwa wake wa kuzaa hawawekwi mabandani, bali kila mmoja hukaa katika nyumba ya watu waliojitolea. Chama hulipa chakula na tabibu. Wenye nyumba hutoa nafasi na mazoea. Watoto wakizaliwa hukaa na mama yao kiasi cha wiki 7 au 8, kisha kila mmoja hupewa mlezi wake, akae kwake mwaka mmoja au zaidi kabla ya kufundishwa. Ulezi huu wa watoto ulianza mwaka 1956. Sababu yake ni wazi: baina ya wiki ya 3 na ya 12 ndipo mtoto wa mbwa azoeapo watu, sauti na magari. Aliyekulia bandani bila ya hayo aghlabu huwa mwoga, na mwoga hamwongozi kipofu njiani.

Basi hapa pana swali. Ikiwa mbwa ametolewa bandani kwa kuwa hivyo ndivyo faida yake izidivyo, je, hiyo ni huruma, au ni hesabu iliyovaa kanzu ya huruma?

Kwanza tusiisahau hukumu ya madhihabu yetu. Mbwa ni najisi nzito; kumuuza hakusihi, wala kumfuga bila ya haja hakujuzu. Walakini Mtume, rehema na amani zimshukie, aliruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Imamu Nawawi akaona kuwa lililo sahihi zaidi ni kujuzu kumlea mtoto wa mbwa ili afundishwe kazi hizo. Na haja ya kipofu si ndogo kuliko haja ya mchunga mbuzi. Mwaka 2008 baraza la wanavyuoni wa Kiislamu huko Uingereza lilimruhusu kijana kipofu kwenda na mbwa wake msikitini, mjini Leicester, mbwa akawekwa mbali na mahali pa kusalia.

Amma swali letu, jawabu yake ni kupambanua haki na thawabu. Mwenye kulipa deni, hata akilipa kwa kununa, deni limeondoka. Mwenye kuosha nguo yenye najisi mara saba, moja kwa udongo, nguo hutahirika ijapokuwa hakunuia. Ndivyo ilivyo haki ya mnyama: ikitimizwa imetimizwa, wala mnyama hana hasara kwa nia ya mtu. Thawabu ndiyo ingojayo nia. Kwa hivyo chama kikihesabu faida, mbwa amepata haki yake. Na mlezi aliyefanya kwa kumwonea huruma kipofu na mnyama, huyo ndiye aliyefanya huruma. Na siku anapochukuliwa mbwa, moyo wa mlezi ukauma, asiseme amedhulumiwa: aliwekewa amana, na amana hurudishwa.

Mtu aweza kusema: haki ya mnyama ni chakula na maji tu. Sivyo. Wanavyuoni wetu wamekataza kumkama ng'ombe hata ndama akadhurika, na wakamtaka mfuga nyuki awaachie asali ya kuwatosha. Yaani haki hufuata maumbile ya kiumbe. Na mbwa ameumbwa akae pamoja na wenziwe au na watu. Kumtenga peke yake ni kumnyima kitu, ijapokuwa sahani yake imejaa.

Na yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka hakumpiga wala hakumchinja. Alimfunga, asimlishe wala asimwache akajitafutie. Kufunga kwake ndiko kulikomtia deni.

Basi enyi ndugu zangu wenye mbwa wa kulinda mashamba na maghala: hapana akuambiaye umwingize mbwa chumbani mwako, na tohara ya mahali pako pa kusalia ni wajibu wako. Lakini mbwa aliyefungwa mnyororo mfupi usiku na mchana, juani, hana amwitaye wala amfunguaye, huyo ana madai juu yako. Mpe kivuli, maji, saa ya kufunguliwa, na mtu mmoja amjuaye. Usingoje kumpenda ndipo umlipe. Deni halingoji mapenzi.

Wallahu aalam.