Ile "ji" ya kujitegemea

Gesi ya Songo Songo hufika nchi kavu Somanga, kwa bomba lililolazwa chini ya bahari, kisha huendelea na safari hadi Dar es Salaam. Imekuwa hivyo tangu 2004. Inazalisha sehemu ya umeme ninaochajia simu, na ndani ya simu hiyo kuna chipu ambazo sisi hatuzitengenezi. Je, ni aibu?

Wakubwa wanaona ni hatari. Oktoba 2022 Marekani iliibana China isinunue chipu za hali ya juu wala mashine za kuzitengenezea, na China ikazidi kumwaga fedha ili ijitosheleze. Lakini mashine za kuchora chipu ndogo kabisa huundwa na kampuni moja tu, ASML ya Uholanzi, nayo hutegemea vioo vya Ujerumani. Jirani zetu Wakenya wameanza kidogokidogo, kule Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi.

Hapa kusini tulishawahi kujitengenezea kitu cha namna hiyo. Masultani wa Kilwa walikuwa na sarafu zao za shaba, zenye majina yao. Vyombo vya kifahari walivyolia vilitoka China, na dhahabu iliyowatajirisha ilitoka Sofala. Kwa hiyo hawakujitosheleza hata kidogo. Walichokuwa nacho ni uwezo wa kufanya biashara sokoni kwao bila kuomba pesa ya mtu. (Wareno walipokuja na mizinga mwaka 1505, sarafu hazikuzuia kitu.)

Kinachonisumbua zaidi ni ile "ji" iliyomo ndani ya neno kujitegemea. Ni nani? Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Walitaka viwanda vijengwe kwao. Walijibiwa kwamba gesi ni ya Watanzania wote. Ni kweli, lakini jibu hilo halikugusa swali lao. Kulikuwa na vurugu, watu wakafa, na bomba likajengwa. Nalo linapita Somanga.

Kiwanda cha chipu hutaka umeme usiokatika hata sekunde moja, na maji safi mengi mno. Tukikijenga, huenda kitakula gesi hii hii, na kitajengwa mbali na hapa. Mimi nakitaka. Ila siku ya jiwe la msingi ningeuliza ni vijana wangapi wa Somanga wameshapelekwa kusomea kazi hiyo, na ni wangapi wameandikiwa kulinda geti.