Afisa Akija Kukuuliza

Somo letu ni Matendo 15:36-40. Yohana Marko, kijana wa Mariamu wa Yerusalemu, aliacha kazi ya injili kule Pamfilia akarudi nyumbani. Safari ya pili Paulo akakataa katakata kwenda naye. Barnaba akamchukua.

Sasa sikizeni. Mwaka jana kijana wa miaka 16 wa hapa mtaani alishikwa na simu ya wizi. Wengi wetu tulisema, "Wacha afungwe, akome!" Tulitaka ashughulikiwe kama mtu mzima. Lakini Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema mtoto asiwekwe kizuizini ila njia nyingine zikishindikana, tena kwa muda mfupi kabisa, na asichanganywe na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu hata kesi yake iondolewe kortini, aombe msamaha, alipe alichoharibu.

Na kabla hakimu hajaamua, afisa wa probesheni hufika nyumbani. Anauliza mama, mwalimu, chifu, majirani: mtoto huyu mnamjuaje? Akirudi mtampokea? Kisha anaandika ripoti.

Afisa huyo alikuja kwangu. Wapendwa, kijana huyo alipiga ngoma hapa kanisani miaka miwili, kila Jumapili. Mimi nikajibu, "Huwa namwona tu." Niliogopa mtasema kanisa linaficha wezi. Akapelekwa borstali, miaka 3. Sijui kama neno langu lingebadilisha kitu. Najua sikulisema.

Mwenye simu pia ni wetu, na hasara yake ni ya kweli. Barnaba hakusema Marko hakukosa! Alisema tu, huyu nitatembea naye. Na miaka baadaye ni Paulo yuleyule, akiwa kifungoni, anayeagiza aletewe Marko kwa kuwa anamfaa (2 Timotheo 4:11).

Mama ya kijana bado anakaa kiti cha nyuma, anatoka kabla ya baraka. Nimemwomba msamaha. Jumamosi ijayo naenda naye kumwona mtoto. Gari linatoka hapa kanisani saa kumi na mbili asubuhi, na limebaki na nafasi 6. Mwenye simu ameshachukua moja.