Heshima Isiyojua Kushuka

Jumanne wiki hii niliitwa shuleni kwa niaba ya dada yangu. Mpwa wangu, wa kidato cha tatu, alikuwa amebandika karatasi kwenye ubao wa gazeti la wanafunzi nje ya bwalo. Kichwa chake: "Githeri Yenye Nyama." Nyama yenyewe, alieleza, ni fukusi.

Naibu mwalimu mkuu aliisukuma ile karatasi mezani kwa ncha ya kalamu, kana kwamba ingemwambukiza ugonjwa. "Mzee, huyu mtoto hana heshima." Nikamuuliza kama githeri ina fukusi au haina. Akasema hilo silo lililotukutanisha.

Nilipotoka nikapitia kwenye ubao. Mahali pa karatasi ya mpwa wangu palibaki vipande vinne vya selotepu. Kando yake ilikuwepo katuni ya kijana mwenye kigugumizi, mdomo umechorwa kama injini inayokataa kuwaka, na jina lake la utani kwa herufi kubwa.

"Iko hapo tangu muhula uanze, Mjomba," mpwa wangu akaniambia. "Hata walimu huicheka."

Hapo ndipo nilipokwama, na hadi leo sijanasuka.

Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, kisha papo hapo inamtaka aheshimu haki na hadhi za wengine. Haisemi kwamba hao wengine ni wenye ofisi pekee. Lakini shuleni kwetu heshima hupanda ngazi tu, kushuka haijui.

Tena si jambo la jana. Mwaka 2013 wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walizuiwa kuigiza mchezo wao "Shackles of Doom" kwenye tamasha la kitaifa la maigizo, hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Aprili 2025 wenzao wa shule hiyohiyo wakaja kwenye tamasha hilo Nakuru na "Echoes of War", mara hii pia kwa amri ya mahakama. Polisi wakarusha gesi ya kutoa machozi; wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Nani hasa alikuwa akivunjiwa heshima pale? Si mnyonge yeyote ninayemjua.

Namwona mzazi mwenzangu akitikisa kichwa. Ataniambia tumeona mabweni yakiteketea. Ukimwachia mtoto mdomo leo, kesho atashika kiberiti. Hofu hiyo ninayo pia. Lakini mtoto aliyeandika malalamiko yake akayabandika mchana kweupe ameacha kiberiti jikoni. Ukiibandua karatasi yake, unamfundisha kwamba kuandika hakufui dafu.

Atanikumbusha pia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Naam! Basi tunamlea vipi huyu anayejua kuwa kumcheka mwenye kigugumizi ni ruhusa, na kutaja fukusi ni kosa?

Kwangu mimi swali ni moja: neno limemwangukia nani? Likimwangukia mwenye cheo, ana ofisi, na kipaza sauti cha gwaride ni chake, na ajibu. Likimwangukia asiye na pa kujibia, hapo ndipo mwalimu asimame.

Kabla ya kuondoka niliibandua ile katuni. Ndiyo, mimi huyuhuyu mtetezi wa uhuru. Nimeikunja, imo mfukoni mwa koti langu. Naibu akiihitaji aniite tena. Njia ya shuleni kwake sasa naijua.