Tunu, Mke wa Mkwaju

Hapa Mwandiga malori yameshaanza kunguruma kuelekea Manyovu, na sokoni akina mama wanapanga madumu ya mawese. Leo namkumbuka Mkwaju, dereva wa lori wa Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Alikuwa na hawara huku na kule barabarani, na mke nyumbani. UKIMWI ukamuua.

Kituo cha Dodoma hakikuurusha hadi 1995, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Walikousikia, watu walipunguza wapenzi na kutumia kondomu zaidi.

Lakini anayenigusa mimi ni Tunu, mkewe. Alianza kwa kunyamaza na kutii, kama wengi tulivyofunzwa. Kisha akafungua biashara ndogo, akashika fedha mkononi, akamwacha mume. Tunawaambia mabinti zetu mvumilivu hula mbivu. Tunu angevumilia zaidi, wangezikwa wawili, na watoto wangebaki na nani?

Mama unayepima mawese saa hii, ukiwa na shaka, nenda kapime. Nawe dereva, kabla hujakanyaga mafuta: vituo vya afya vya serikali vinapima VVU bure, na dawa ni bure pia.