Albamu Bila Harusi

Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu ya Maulidi Musical Party wa Mombasa, ikaiita Mombasa Wedding Special. Jina linakualika harusini kabisa. Sasa ibonyeze kwenye simu, uko ndani ya matatu ya Feri, hedifoni masikioni: hakuna bi harusi, hakuna pilau. Hapo wewe ni mgeni wa nani?

Nauliza kwa sababu harusini Mji wa Kale msikilizaji wa taarab hakai tu. Mstari ukimgusa huinuka, akajongea kwa madaha hadi kwa mwimbaji, akamtunza noti. Noti ile ni malipo, lakini pia ni jibu. Pengine inamwambia mke mwenziwe aliyeketi safu ya tatu kwamba fumbo limefika, na ukumbi mzima unaona (shangazi zako ndio wa kwanza kugeuza shingo). Mtunzi ameleta nusu ya maana. Nusu ya pili analeta anayeinuka, na akishainuka hawezi kukana.

Studioni hakuna anayeinuka. Mwaka 1963 Bill Evans, mpiga piano wa jazz wa Marekani, alirekodi Conversations with Myself: piano tatu, zote amepiga yeye, moja juu ya nyingine. Inaingia rohoni, wallahi. Ila anayemjibu ni yeye mwenyewe.

Wapo wazee watakaokwambia basi albamu ni taarab maiti. Sikubali. Harusi ina mlango, na asiyealikwa huchungulia dirishani. Kanda za Mbwana Radio Service, duka la huku huku Mji wa Kale, zilimfikisha Maulidi Juma kwa watu ambao hawangepewa kadi maishani. Hiyo ni haki yao, hata bila pilau.

Kinachonikera ni sisi. Eti kwa kuwa mwimbaji hatumwoni, basi hatudaiwi. Tunapokezana faili la bure, tunakata fumbo la mtu tukaliweka status kumchoma eks, na jina la aliyeimba hatulitaji. Yaani tumeinuka, tumejibu, tumemaliza ugomvi wetu, na mkononi hatukuwa na noti.

Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa Lamu, alifariki 2016. Noti haimfikii tena. Kuandika jina lake chini ya wimbo wake, hilo hata bando halili.